Alama Niliyompa Eladius

Mliniomba niandike kurasa chache zitakazowasaidia kufundisha somo la maadili ya uandishi wa habari, maana mimi nimeshakabidhi funguo za darasa na mmebaki ninyi. Najua mlitegemea muhtasari wa vipindi. Muhtasari umo kabatini, rafu ya chini, nyuma ya ile redio mbovu ambayo kila mkuu wa chuo aliahidi kuitengeneza. Hapa nitaandika lisilokuwamo humo. Ni habari ya mwanafunzi aliyejibu swali vizuri na mwalimu aliyemkosesha, na mwalimu huyo ni mimi.

Sikuanza kama mwalimu. Nilianzia kwenye kituo kidogo cha redio hapa Kayanga, chenye studio moja iliyopigiliwa magodoro ukutani ili kuzuia kelele za pikipiki za stendi. Siku ya kwanza nilivaa viatu vya kisigino kana kwamba wasikilizaji wangeniona. Nilitegemea nitapewa kinasa sauti na kutumwa halmashauri. Nikakalishwa dirishani, kupokea matangazo ya vifo, pembeni ya Mzee Salum.

Mzee Salum alizaliwa hapahapa mjini, lakini babu yake alitoka Pangani na mzigo wa nguo, na Kiswahili chake kilikuwa cha huko. Sisi tuliolelewa kwa Kinyambo tuliona aibu kufungua mdomo mbele yake. Alikuwa na daftari kubwa alilolijalidi kwa gazeti, na kila ukurasa aliugawa kwa rula: jina la marehemu, kijiji, siku ya maziko. Mwishoni kulikuwa na safu moja aliyoibuni mwenyewe, akaiandika juu yake, "Nani amekwenda?"

Mtu akija dirishani na tangazo, Mzee Salum hakuanza na jina la marehemu. Aliuliza kama mama wa marehemu ameshaambiwa, kama kuna watoto walioko shuleni mbali, na nani amekwenda kuwachukua. Safu ile isipojazwa, tangazo lilikaa mezani hata kama mleta tangazo ni diwani. Mimi niliona anatuchelewesha. Siku moja nilimwambia kwamba habari ikishathibitishwa ni habari, isomwe. Aliendelea kupiga mistari yake.

"Redio inawaita watu mazikoni, binti yangu," akasema. "Kumwambia mtu kwamba amefiwa ni kazi ya mwenye miguu."

Nilimcheka na wenzangu jioni hiyo. Na cha kuchekesha ni kwamba mimi ndiye niliyekulia Bugene, katikati ya migomba, nikijua desturi hiyo kuliko yeye. Kwetu mtu hafiwi kwa kupigiwa kelele. Anatumwa mtu mzima, anafika, anakaa, anaomba maji ya kunywa, anauliza habari za shamba, ndipo anasema fulani anaumwa, twende. Marehemu anaweza kuwa ameshavalishwa sanda, lakini njiani bado anaumwa. Baba yangu alipofariki nikiwa bweni niliambiwa anaumwa, na nilipokuwa msomi nikaanza kuona kwamba nilidanganywa. Nilijivunia kuliona hilo.

Miaka ikaenda. Mzee Salum akastaafu, baadaye akafariki, akazikwa siku ileile kabla ya alasiri kama wafanyavyo wenzetu Waislamu. Nikapelekwa kusoma, nikarudi kufundisha chuoni kwetu, na nikarudi na kitabu kinene cha maadili kilichoandikwa na watu ambao hawajawahi kuona mgomba. Nilikipenda kitabu kile. Kilikuwa na majibu. Nilikuwa na kalamu nyekundu, na wanafunzi waliniogopa kidogo, jambo lililonipendeza kuliko nilivyokiri wakati huo.

Eladius alikuja mwaka wangu wa tano wa kufundisha. Alitoka Rugu, mtoto wa wakulima wa kahawa, mrefu, mpole, mwenye tabia ya kufikiri kabla ya kujibu, ambayo mwalimu mwenye haraka huiona kuwa uzito wa akili. Alipokuwa akifanya mahojiano ya mazoezi aliwaacha watu wamalize kusema. Nilimkata alama kwa hilo, kwa sababu kipindi kina dakika zake.

Muhula huo tulipata mgeni, mwalimu wa uandishi wa habari kutoka nchi moja ya kaskazini mwa Ulaya. Tumwite Ingrid. Alikuwa na jambo lake la kitaaluma: kulinganisha jinsi wanafunzi wa kwao na wa kwetu wanavyofikiri wanapokutana na suala gumu la maadili. Alileta maswali matano yaliyokwisha kujibiwa na wanafunzi wake, na akataka wetu wayajibu kwa Kiswahili, kila mtu peke yake. Tukakubaliana kwamba nitamtafsiria majibu, naye ataniletea ya kwao.

Swali la tatu lilikuwa hivi. Uko studio. Umethibitisha kwamba kijana fulani amefariki ajalini. Simu inalia, ni mama yake. Anakuuliza moja kwa moja: mwanangu yu hai? Utamjibu nini, na kwa nini?

Wanafunzi wa Ingrid karibu wote waliandika kwamba hawatamdanganya. Wengine watamwambia kwa upole, wengine watampa namba ya polisi, lakini uongo hapana. Mmoja aliandika kwamba kumficha mama ukweli ni kumpora haki yake. Mwingine aliandika mstari mmoja tu: sijui, natamani nisiwe mimi nitakayeipokea simu hiyo. Huyo nilimwona mvivu.

Wa kwetu waligawanyika. Mwanaisha, ambaye baba yake ana duka la vitambaa hapa Kayanga, aliandika kwamba kwao maiti hasubirishwi, hivyo mama ataambiwa mapema, lakini atakayeambiwa kwanza ni mtu mzima wa nyumba hiyo, si mama mwenyewe kwenye simu. Wa Bugene na vijijini wengi waliandika kwamba watakata simu. Eladius aliandika ukurasa mzima. Nakumbuka maneno yake kwa sababu karatasi ninayo:

"Nitamwambia mwanawe ameumia na yuko hospitali, na kwamba asitoke nyumbani kwa sababu kuna watu wanakuja. Kisha nitampigia mwenyekiti wa kitongoji aende pale na wanawake wawili. Sitaki asikie akiwa peke yake."

Niliposoma hayo niliona aibu, na aibu hiyo ndiyo kosa langu lote. Nilikuwa nakaa meza moja na mgeni ambaye wanafunzi wake wameandika hapana, hatudanganyi, na mimi nimpe karatasi inayosema wazi kwamba mwanafunzi wangu atadanganya, tena kwa mpango. Nilidhani atarudi kwao aseme huku tunawafundisha watu uongo. Nikafanya jambo ambalo hakuna aliyeniomba. Nikachukua kalamu nyekundu nikasahihisha karatasi zote kama mtihani, na kwenye swali la tatu nikampa Eladius sifuri. Pembeni nikaandika: Mwandishi hasemi uongo. Rudia sura ya pili.

Ingrid alipoziona alishangaa. Aliniambia hakuja kutafuta aliyepata na aliyekosa, na kwamba jibu la Eladius ndilo alilokuwa akitaka kulielewa zaidi. Alitaka kuzungumza naye. Nikamwambia kijana ana aibu ya kuongea na wageni, jambo ambalo halikuwa kweli. Ukihesabu, katika habari hii yote mtu wa kwanza kusema uongo kwa mgeni nilikuwa mimi.

Eladius alirudia sura ya pili. Aliniletea muhtasari wake, safi, bila kufuta popote, nikampa alama nzuri.

Miezi michache baadaye wanafunzi walikwenda kwenye mafunzo kwa vitendo, na yeye akapelekwa kwenye redio ileile niliyoanzia. Asubuhi moja lori la ndizi lilipinduka kwenye mteremko wa njia ya Kyerwa. Utingo wake, kijana aitwaye Justus, alifia palepale. Redio ilithibitisha kwa polisi. Mtangazaji alikuwa hewani, mwandishi mwingine ametoka na pikipiki kwenda eneo la tukio, na simu ya ofisini alikuwa nayo Eladius peke yake.

Aliyepiga alikuwa Mama Domitila, mjane, kutoka kijiji kimoja cha Kyerwa. Alikuwa kwenye kibanja chake cha migomba akipunguza majani. Majirani walikuwa gulioni. Alikuwa amesikia kijuujuu kwamba lori limeanguka, na kwa kuwa namba ya redio watu wote huku wanaijua kwa kichwa, akapiga. Akauliza kama Justus wake yu hai.

Eladius alinisimulia mwenyewe siku tatu baadaye, amesimama mlangoni kwangu, hakutaka kuketi. Alisema sentensi ya kumwambia ameumia, kaa nyumbani, watu wanakuja, ilikuwa imeshafika mdomoni. Ndipo akauona akilini mwandiko wangu mwekundu. Akamwambia mama yule pole, Justus amefariki, polisi wamethibitisha. Akasikia simu ikianguka, halafu akasikia kuku. Alikaa akisikiliza kuku mpaka salio la upande ule likaisha.

Mama Domitila majirani walimkuta jioni, waliporudi kutoka gulioni, amelala kati ya migomba. Alikuwa hai. Kilikuwa kiharusi. Upande wake mmoja ulikufa, na hakusema tena neno lolote hadi alipofariki, miaka minne baadaye. Mwanawe alizikwa yeye akiwa kitandani, na hakuna aliyejua kama alielewa.

Siwezi kuthibitisha kwamba angenusurika kama angeambiwa vizuri. Daktari alisema presha ilikuwa ya siku nyingi. Nilijishikilia hapo kwa muda mrefu, kwamba presha ilikuwa ya siku nyingi.

Eladius aliposimama mlangoni alitaka nimwambie kitu. Nilikijua kitu hicho. Nilitakiwa kumwambia kwamba jibu lake la kwanza lilikuwa sahihi na mimi ndiye niliyelifuta. Kwenye korido kulikuwa na wanafunzi wanapita, na ndani alikuwapo mwalimu mwenzangu anakunywa chai.

"Ulifanya sawasawa," nikamwambia. "Ulifanya tulivyokufundisha."

"Ndiyo, mwalimu," akasema. "Nilifanya mlivyonifundisha."

Hakusema kwa hasira. Ningependa angekasirika. Mwezi ule hakurudi darasani, na muhula uliofuata jina lake halikuwamo. Ingrid aliandika barua pepe akiomba ruhusa ya kutumia jibu la swali la tatu kwenye kazi yake, akasema ndilo lililomfanya afikiri upya. Nikamjibu kwamba mwanafunzi huyo ameacha chuo kwa sababu za kifamilia. Maneno hayo, sababu za kifamilia, tunayatumia sana ofisini. Yachunguzeni siku moja.

Niliendelea kufundisha. Swali la tatu nililiondoa kabisa, nikaweka la mwanasiasa na bahasha, ambalo halimsumbui mtu. Habari za Eladius nilizipata kwa watu wa Rugu niliokutana nao sokoni. Kwamba ameoa. Kwamba anatunza kahawa ya baba yake. Kwamba kila mwezi anapanda pikipiki hadi Kyerwa, mbali kote huko, anampelekea Mama Domitila mkungu wa ndizi na kukaa naye kimya mchana mzima. Na kwamba pale Rugu, msiba ukitokea na kuna mtu wa kuambiwa, anatumwa Eladius. Mama mmoja muuza nyanya aliniambia hilo kama jambo la kawaida. Alisema yule kijana anajua kusema.

Nililia nikiwa nimeshika nyanya mkononi, na muuza nyanya akadhani nami nimefiwa, akaniongezea mbili.

Nilijiwekea ahadi kwamba nikistaafu nitakwenda Rugu. Kwa nini kustaafu? Kwa sababu nilitaka kwenda bila cheo, nikajiambia. Ukweli ni kwamba nilikuwa naahirisha. Mimi niliyewafundisha watu miaka yote kwamba habari haikai, hii yangu niliikalia miaka kumi na moja.

Baada ya ile hafla mliyonifanyia, ya keki na hotuba, nilitoa karatasi yake kwenye bahasha. Nikakata sifuri. Nikaandika alama zote juu yake, nikaweka sahihi na tarehe kama utaratibu unavyotaka. Nikaitia mkobani, nikachukua bodaboda hadi Rugu.

Nilimkuta uani anageuza kahawa kwenye jamvi. Alikuwa amenenepa kidogo na kupata mvi za mapema, na alipoinuka aliweka mkono kifuani akavuta pumzi kabla ya kuja. Akaniamkia shikamoo mwalimu kama vile tuliachana Ijumaa. Mkewe, Jeni, akaleta kahawa ya kutafuna kwenye kikapu kidogo, tukatafuna, tukaongea bei na mvua na mnyauko wa migomba. Nikamuuliza kuhusu ile kazi anayotumwa na watu, anaifanyaje. Niliuliza kama mwandishi, kwa njia ya kuzunguka, nikitafuta mlango wa kuingilia.

Akanieleza kwa utulivu. Anaomba maji kwanza, akasema, ili aone kama mtu anaweza kusimama vizuri na kama kuna mwingine ndani wa kumsaidia. Anauliza habari za shamba ili mtu apate pumzi. Kisha anasema fulani anaumwa kidogo, ukiweza njoo. Huwa hatoki pale mpaka mtu amepata wa kutembea naye.

Nikamuuliza kama haoni kwamba ni uongo.

"Wanajua, mwalimu," akasema. "Nikishasema kidogo, wote wanajua. Lakini wanapata njia yote ya kwenda nayo polepole, na wakifika wanakuta watu. Aliyekosa njia hiyo nilimwona mimi."

Hapo ndipo mlango ulipofunguka wazi. Mkobani karatasi ilikuwepo, niliigusa kwa vidole. Jeni akatoka na sahani ya ndizi na maharage, tukanawa mikono, tukala. Wingu likajikusanya, dereva wa bodaboda akaanza kupiga honi barabarani. Eladius akanisindikiza hadi njiani, akasema karibu tena mwalimu. Nikamwambia nitarudi kahawa ikishavunwa, nina neno lako. Akasema sawa, neno haliozi. Nikapanda pikipiki na karatasi yangu.

Kahawa ilikuwa bado inavunwa Anatory alipofika kwangu Bugene. Ni kaka yake Jeni, mtu mzima, nilimwona Rugu siku ile akipakia magunia. Ilikuwa saa nne asubuhi. Nilikuwa barazani nachambua maharage. Aliegesha baiskeli kwenye ukuta, akavua kofia, akaniamkia. Nikamkaribisha kiti. Akakaa, akaniomba maji ya kunywa.

Niliinuka nikaenda kuyaleta. Nilihisi macho yake yakinifuata hadi ndani. Nilipompa kikombe aliuliza kama naishi na mtu, nikamwambia mjukuu wangu yuko jikoni. Akanywa. Akatazama migomba yangu, akauliza kama mnyauko umefika huku. Nikamwambia umegusa mashina mawili, nimeyang'oa. Akasema vizuri, ukiwahi unapona.

Kisha akaweka kikombe chini.

"Mwalimu," akasema, "Eladius anaumwa kidogo. Wamesema ukiweza uje."

Kazi yangu yote ilikuwa kuuliza. Nimewafundisha watu kuuliza nani, nini, lini, wapi, na kurudia swali mpaka lijibiwe. Nilikuwa na swali moja tu la maneno matatu, na Anatory alikuwa pale mbele yangu, na nadhani kama ningeuliza asingeweza kunidanganya. Alikuwa ameshika kofia kwa mikono yote miwili.

Nikamuuliza kama kuna mtu yuko na Jeni. Akasema wapo wengi.

"Basi nisubiri nichukue kanga," nikasema.

Nikaingia ndani. Nikamwambia mjukuu wangu avae, tunakwenda Rugu, kuna mtu anaumwa. Nikachukua mkoba, na karatasi bado imo. Tulitembea sote watatu hadi barabarani, Anatory akikokota baiskeli upande wangu, na hakuongea kwa haraka, na hakuniacha nitembee peke yangu. Nikamwambia Eladius ni kijana mwenye nguvu, atapona. Akasema ndiyo mwalimu, atapona.

Safari nzima hadi Rugu alikuwa bado anaumwa, na mimi nilikuwa bado naweza kuwahi kumwambia.